Tochi, tuta na uhuru wa kukanyaga mafuta

Tulikuwa tumeiacha Chalinze kama robo saa hivi. Basi limeshapata pumzi, nusu ya abiria wamelala vinywa wazi, na kwenye runinga ya mbele filamu ya Kihindi inatafsiriwa kwa Kiswahili cha mbwembwe. Lori la mafuta lililotokea upande wa Morogoro likatuwashia taa mara mbili, chapchap. Dereva wetu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mguu ukatoka kwenye mafuta, basi likanywea, na tulipofika kwenye kibao cha 50 tulikuwa tunatambaa kwa adabu kama msafara wa harusi. Mbele, chini ya mwarobaini, askari wawili wa sare nyeupe, mmoja kashika tochi ya kupimia mwendo. Dereva akawapungia mkono. Kijiji kilikuwa hakijaisha, nyumba bado ziko pande zote mbili, lakini askari walipopotea nyuma ya kona basi likarudi kwenye mwendo wake, na king'ora cha VTS, kile kifaa kinachofuatilia mwendo wa basi kwa setilaiti, kikaanza kulia: tii, tii, tii. Konda akaongeza sauti ya filamu.

Nimeifikiria sana ile taa ya lori. Dereva wa lori hamjui dereva wetu na huenda hawatakutana maisha yao yote. Alichokifanya ni wema: kamwokolea mwenzake shilingi 30,000 za faini, na hakudai chochote. Angeombwa pesa hiyo hiyo na mtu asiyemjua pale kituoni, angemtolea macho. Kwa nini basi watu wazima, wenye watoto wao wanaovuka barabara kwenda shule, wameungana kuisaidia nchi nzima iikwepe sheria inayowalinda watoto hao hao?

Jibu rahisi ni kwamba madereva wetu hawana nidhamu. Nimelisikia kwenye kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na silikubali. Jibu langu ni kwamba kibao cha 50 kimepoteza maana yake. Dereva akikiona, haoni kwamba mbele kuna watu. Anaona kwamba mbele kuna askari. Na kama askari hayupo, basi kibao hakipo.

Tuanze na hicho kibao chenyewe, maana ubishi mwingi kuhusu uhuru wa dereva hupigwa bila hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Hapo mita 14 zimeshakwenda bure. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita 14 nyingine. Jumla mita 28. Sasa chukua gari lile lile, dereva yule yule, mwendo 80. Sekunde yake ya kushtuka inakula mita 22. Akiwa amefunga breki kwa nguvu zote, anapofika ile mita ya 28, pale ambapo mwenzake wa 50 ameshasimama na kuanza kumtukana dirishani mtoto aliyekatiza mbele yake, yeye bado yuko kwenye mwendo wa kilomita 70 na ushei. Mtoto mmoja anakemewa, mwingine anazikwa, na kilichowatofautisha ni dakika chache ambazo basi lingechelewa Morogoro. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua hupanda kwa asilimia 4. Duniani watu wanaokufa barabarani ni kama milioni 1.19 kwa mwaka.

Kwa hiyo kwenye mwendo kasi sioni uhuru wowote wa kujadili. Anayekanyaga mafuta kijijini anatumia uhuru wa mtu mwingine, yule mwenye ndoo kichwani ambaye kisima chake kiko ng'ambo ya lami. Kijiji kilikuwapo kabla ya barabara. Ajabu ni kwamba kila tunapozungumzia kusawazisha uhuru na usalama, uhuru unaohesabiwa ni wa mwenye usukani, na mtembea kwa miguu huingia kwenye mazungumzo akiwa marehemu.

Ugumu wa kweli uko kwenye sheria za aina ya pili, zile zinazomlinda mtu dhidi ya nafsi yake: mkanda, helmeti. Hapa mpenda uhuru ana hoja, na nchi zimeijibu kwa namna tofauti kabisa. Jimbo la Victoria, Australia, lililazimisha mkanda tangu 1970. Uingereza ilingoja mpaka Januari 1983. New Hampshire, Marekani, mpaka leo mtu mzima hafungi mkanda kwa lazima wala havai helmeti kwa lazima. Uingereza hiyo hiyo, mwaka 1976, ilitunga sheria mahususi ya kuwaruhusu Masingasinga wapande pikipiki na vilemba vyao bila helmeti: bunge zima lilikaa likapima kichwa na imani, likaamua imani ishinde.

Kwetu swali hilo halijadiliwi bungeni, linajadiliwa kijiweni. Asubuhi moja pale Mwenge nilimsikia bodaboda akimwambia abiria wake:

"Vaa helmeti dada, mbele kuna trafiki."

"Hiyo wameshaivaa wangapi leo? Nimesuka jana, kaka. Tukiwakaribia nitaiweka."

"Basi ishike mkononi."

Wakaondoka, helmeti imepakatwa kama bakuli la futari. Dada yule hakuwa mjinga. Ile helmeti ilikuwa na jasho la watu kumi na utando wa nywele za wengine, mkanda wake umekatika, na msuko wa rasta si bei ya kuchezea. Lakini sikiliza sababu aliyoitoa bodaboda. Hakusema "tunaweza kuanguka". Alisema mbele kuna trafiki. Kifaa ambacho tafiti zinaonyesha hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42 kimegeuka kuwa kitambulisho cha kuonyesha getini.

Mimi kwenye helmeti nasimama upande wa sheria. Hoja ya "kichwa ni changu" inamfaa mtu anayeanguka peke yake, na huku kwetu hakuna anayeanguka peke yake. Kijana akivunjika paja, kundi la WhatsApp la ukoo linafunguliwa jioni ile ile, mjomba anauza mbuzi, dada anaacha genge lake akakae Muhimbili kwenye taasisi ya mifupa kumlisha na kumgeuza. Wote hao hawakuulizwa kama wanakubali asivae. Ila serikali inayodai helmeti inapaswa pia kusumbuka na ile mikanda iliyokatika. Ilihalalisha pikipiki na bajaji kubeba abiria kibiashara mwaka 2010, ikakuta sheria mama ya usalama barabarani ni ya 1973, ya enzi ambayo neno bodaboda lilikuwa halijavuka mpaka wa Busia kuja huku. Mwaka 2021 ikapunguza faini za bodaboda kutoka 30,000 hadi 10,000, ikisikiliza kilio cha vijana. Kilio kilikuwa cha haki, maana faini ilikuwa inazidi mapato ya siku. Lakini faini ndogo haifui helmeti.

Sasa, kama tunakubaliana kwamba sheria iwepo, isimamiwe vipi? Hapo ndipo Afrika Mashariki imekuwa maabara, na jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Kenya.

Tarehe 1 Februari 2004, Wakenya waliamka wakakuta matatu zimetoweka barabarani. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alikuwa ametangaza kanuni mwaka uliotangulia, na kwa mazoea watu walidhani siku ikifika itaongezwa. Haikuongezwa. Kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mkanda kwenye kila kiti, mstari wa njano ubavuni, dereva na makanga ndani ya sare, na abiria wasizidi idadi ya viti. Nauli zikapanda. Nairobi ikatembea kwa miguu, makarani na kina mama wa sokoni, kutoka Kawangware na Eastlands mpaka mjini. Ungetegemea maandamano dhidi ya waziri. Badala yake watu wengi walimshangilia huku wakitembea.

Kwa nini? Nadhani kwa sababu kwa mara ya kwanza sheria haikuwa ya kukutana na mtu mmoja mmoja kwenye kona. Ilimfika mwenye matatu, aliyekuwa amezoea kukaa nyumbani akihesabu pesa wakati makanga anabeba lawama. Na abiria aliyezoea kukaliwa mapajani na watu asiowajua akagundua kwamba kukaa kwenye kiti chako, magoti yako yakiwa yako, nako ni kuwa huru. Yule aliyesema kanuni zile zilikuwa za kuminya uhuru wa biashara alikuwa sahihi. Alisahau tu kuhesabu uhuru wa watu kumi na wanne waliokuwa ndani.

Halafu kanuni zile zikafifia. Vidhibiti mwendo vikachokolewa, mikanda ikageuka minyororo ya mafuta machafu ambayo hakuna anayethubutu kuifunga juu ya shati jeupe, watu wa kusimama wakarudi. Novemba 2018 serikali ikatangaza kurejesha sheria za Michuki, kana kwamba zilikuwa zimefutwa, na Nairobi ikatembea tena. Kanuni zilikuwa zile zile, na kwa miaka yote ile ya kati zilikuwa hai kwenye vitabu. Nchi haiwezi kuishi kwa msako. Msako unamfundisha dereva kitu kimoja tu, kwamba sheria ni kama mvua kubwa: unajibanza mahali inapite.

Tanzania ilichukua njia nyingine, ya komeo. Kuanzia miaka ya tisini mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku. Aliyekutwa na saa sita usiku njiani alipaki. Waliowahi kulala ndani ya basi stendi ya mji wasioujua, mtoto analia, choo cha kulipia kimefungwa, wanaelewa ninachosema. Zuio lile lilikuwa na mantiki ya kiaskari: kufunga geti ni rahisi kuliko kupima uchovu wa madereva mia. Lakini liliwaondolea usiku wasafiri wote ili kuwadhibiti madereva wachache, na nashuku lilihamisha hatari tu. Mabasi yote ya masafa marefu yalikuwa yanafumuka Dar es Salaam saa 12 asubuhi kama nyuki waliochokozwa, kila moja likikimbizana na saa ili lifike Mwanza au Mbeya kabla ya komeo. Ajali ya Changarawe, Mafinga, Machi 2015, ambapo kontena la lori liliangukia basi na kuua watu zaidi ya 40, ilitokea mchana kweupe. Ya Rhotia, Karatu, Mei 6, 2017, iliyochukua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao, ilikuwa asubuhi. Mwaka 2023 zuio likaondolewa, na sasa mabasi yanakwenda saa 24, kwa masharti: safari ya zaidi ya saa nane iwe na madereva wawili, VTS iwe inafanya kazi. Kenya nayo, baada ya watu 36 kufa Sachangwan usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, ilikimbilia katazo la usiku, na katazo halikudumu.

Njia ya tatu ni mashine. Rwanda imefunga kamera barabarani, na wananchi wamezibatiza jina Sofia. Ukipita kwa mwendo, Sofia anakutumia ujumbe wa faini kwenye simu kabla hujafika nyumbani. Uzuri wa Sofia ni kwamba hana kiu. Haombi ya soda, hajui gari la mkubwa wala la mdogo, na hajifichi kwa sababu hana sababu ya kukutana na wewe. Ubaya wake ni kwamba haambiwi kitu. Mwaka 2021 Wanyarwanda walilalamika kwamba vikomo vimewekwa chini mno kwenye barabara pana, faini zinawafuata kama nzi, na malalamiko yalifika kwa Rais Kagame mwenyewe, aliyekiri kwamba kuna tatizo. Vikomo vya sehemu kadhaa vikapandishwa. Uganda ilianza mfumo wake wa faini za kamera Juni 2025, na ndani ya wiki chache kelele zikawa nyingi hadi serikali ikausitisha. Tatizo la nchi zote mbili lilianzia kwenye namba iliyoandikwa kwenye kibao, kabla hata kamera haijapiga picha. Mashine inayosimamia kikomo ambacho dereva mwenye akili timamu anakiona cha kijinga itachukiwa kuliko askari, maana askari angalau unaweza kubishana naye.

Na kuna swali ambalo tunalipita haraka: nani anatazama? VTS inajua basi lilipo kila dakika. Kitufe cha kumtambua dereva kinajua nani yuko kwenye usukani. Deni la gari lako linaonekana mtandaoni kwa yeyote mwenye namba ya usajili. Kwa basi la abiria sioni shida, mtu aliyebeba roho 60 amekubali kutazamwa. Kwa gari binafsi nina wasiwasi zaidi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 bado haijazoeleka hata kwa wanaopaswa kuisimamia. Ukinipa nichague kati ya jicho lisilolala na mkono unaonyooshwa dirishani, nitachagua jicho, lakini nitataka kujua picha zinafutwa lini.

Turudi ndani ya basi letu, maana kuna kitu kilitokea baada ya king'ora kuanza kulia. Mama mmoja wa viti vya katikati, amempakata mtoto aliyefungwa kanga, alipaza sauti:

"Dereva, tuna watoto humu! Punguza!"

Kimya kidogo. Kisha mwanamume wa nyuma akajibu, "Mama, kama unaogopa si ungepanda treni?" Watu wakacheka, na mwingine akaongeza kwamba tunachelewa. Lakini mzee wa kiti cha mbele, ambaye tangu tuondoke stendi ya Mbezi hakuwa amefungua kinywa, akasema bila kugeuka, "Mama kasema kweli, mwanangu. Punguza." Na dereva akapunguza. Si sana, ila king'ora kilinyamaza.

Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walilijaribu jambo hilo hilo kwenye matatu za Kenya mwaka 2008. Walibandika stika ndani ya magari zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza, na kwenye magari mengine hawakubandika. Madai ya bima ya ajali kwenye magari yenye stika yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye mradi ukakua, ukapewa jina la Zusha, na punguzo likawa dogo zaidi lakini likabaki. Karatasi ya shilingi chache ilifanya kazi ambayo vituo vya ukaguzi vilikuwa vimeshindwa.

Naipenda habari hiyo kwa sababu inauchukua uhuru na kuugeuza. Abiria amelipa nauli, na sehemu ya alichokilipia ni haki ya kusema. Kwetu haki hiyo inazibwa na heshima, na hofu ya kuonekana mshamba, na yule mtu wa nyuma mwenye utani wa treni. Stika haikumpa mama sheria mpya. Ilimpa wenzake wa kumwitikia.

Hata hivyo sauti ya abiria inaishia ndani ya basi. Mwenye ndoo kichwani haisikii, na yeye ndiye niliyemtaja mapema. Yeye anahitaji barabara yenyewe imsemee. Dar es Salaam, shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambazo watoto walikuwa wakigongwa, likafanya vitu visivyo na fahari yoyote: matuta, kivuko cha pundamilia, nguzo fupi za kuzuia bodaboda kupita njia ya watoto, pengine geti la shule kuhamishwa kutoka barabara kubwa hadi uchochoro wa pembeni. Majeraha yakapungua takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya WRI Ross, ya kwanza kutolewa, ikiipita miradi ya miji mikubwa. Uswidi ilikuwa imeshalikubali wazo hilo bungeni mwaka 1997: binadamu atakosea tu, kwa hiyo barabara ijengwe ili kosa lake lisiue.

Wanakijiji wetu walilijua bila bunge. Mtoto akigongwa, kabla hata maiti haijachukuliwa, magogo na matairi yanawekwa katikati ya lami, foleni inafika kilomita, mkuu wa wilaya anakuja na pole, na watu wanadai kitu kimoja. Hawadai askari, wala faini ipandishwe. Wanadai matuta. Wahandisi wanachukia matuta kwenye barabara kuu, na wana sababu: yanaua springi, yanachelewesha magari ya wagonjwa, mengine yamejengwa kienyeji hayana hata rangi. Bado naona wanakijiji wanajua wanachokidai. Tuta halina zamu, haliondoki saa kumi na moja jioni, halijui gari la nani.

Tulilikuta moja kabla ya kuingia Morogoro, refu, limepauka rangi. Magari matatu tuliyopishana nayo kabla ya hapo hayakuwa yametuwashia taa. Dereva alishika breki mwenyewe, basi likapanda na kushuka kama ng'ombe anayevuka mfereji, na vijana wenye beseni za karanga na maji baridi wakalikimbilia madirishani. Upande wa kushoto wasichana wawili wa sare ya shule walikuwa wanasubiri. Dereva akawapa ishara ya mkono, wakavuka taratibu, mmoja akiwa anamaliza kula embe.